Sura ya Sita: Wasuluhishi wa Novemba

Mwaka 1978, askari aliyepanda treni Dar es Salaam kwenda vitani Kagera hakuwa na budi kuupita Mkoa wa Singida. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekufa mwaka huohuo, na Shirika la Reli Tanzania, lililozaliwa juu ya kaburi lake, lilikuwa na umri wa mwaka mmoja, injini zake hazitoshi na mabehewa yamechoka. Njia iliyobaki ilikuwa Reli ya Kati: Morogoro, Dodoma, kisha Saranda, Manyoni na Itigi, ndipo Tabora, Mwanza, na kutoka hapo meli mpaka Bukoba. Aliyetoka Arusha kwa lori naye aliweza kushuka mpaka Singida mjini, akashika barabara ya Nzega. Ndiyo maana watu wa huku kwetu, wasioujua Mto Kagera wala hawajawahi kuuona, waliijua vita hii mapema: ilipita mbele ya milango yao ikiwa imebebwa kwenye mabehewa.

Ulikuwa mwezi wa kusubiri mvua. Singida ina msimu mmoja tu wa masika, na anayechelewa kutayarisha shamba la mtama au uwele mwishoni mwa mwaka atalala njaa mwaka unaofuata. Hata hivyo mabalozi wa nyumba kumi walipita wakiandikisha mgambo na kukusanya michango. Nchi nzima ilichanga fedha, nafaka na magari, na mikoa yenye mifugo ikatoa ng'ombe. Serikali ilichukua malori na mabasi ya watu binafsi na ya mashirika. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuka, pamoja na mgambo, JKT, polisi na magereza, likapita 100,000 katika miezi michache.

Mapigano yenyewe yamesimuliwa sana, tangu Kyaka hadi Kampala, na wengi wetu tulilelewa na masimulizi hayo pamoja na nyimbo za mchakamchaka. Sura hii ni ya upande ambao haukuimbwa: mazungumzo. Ni habari ya watu waliofika Dar es Salaam wakiwa na maneno ya amani, wengi wao wakijiita marafiki, na sababu zilizomfanya Mwalimu Nyerere awaambie hapana.

Oktoba 30, 1978 majeshi ya Iddi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka kwa nguvu kubwa, yakaliteka eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, kilometa za mraba zipatazo 1,800. Novemba 1, Redio Uganda ikatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda na kwamba mpaka mpya ni mto wenyewe. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa. Watu waliuawa vijijini, wanawake wakabakwa, maelfu wakakimbia kuvuka mto, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa kaskazini, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Novemba 2 Mwalimu alizungumza na taifa, akasema uwezo upo, sababu ipo na nia ipo ya kumpiga.

Wasuluhishi walianza kufika kabla hata wafu hawajazikwa wote. Jaafar Nimeiry wa Sudan alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, mwaka ule. Alitaka pande mbili zikae mezani. Nigeria, chini ya Olusegun Obasanjo, ilitaka hivyohivyo. Libya nayo ilileta ujumbe. Kenya ilihimiza subira. Ujumbe wao, ukiuvua mapambo, ulikuwa mmoja: acheni kupigana, tuzungumze.

Mfugaji wa Singida anaijua kesi ya namna hii. Ng'ombe wakiibwa usiku, wanaume hufuata nyayo mpaka zinakoishia, na mzee wa kule zinakoishia hutakiwa aonyeshe nyayo zinatokea wapi zaidi ya hapo au awatoe ng'ombe. Hayo yakiisha, ndipo watu hukaa kusema habari ya faini na upatanisho. Mzee atakayekuja katikati ya msako na kusema, "Ninyi wawili shikaneni mikono, ng'ombe tutawazungumza baadaye," hatahesabiwa kuwa msuluhishi. Atahesabiwa kuwa na hisa zizini. Mwalimu alitaka jambo hilohilo kutoka OAU: ilaani kwanza uvamizi, mengine yafuate. OAU haikulaani. Nchi chache mojamoja, Msumbiji na Zambia zikiwemo, zilisema wazi nani kakosa, na Samora Machel wa Msumbiji akapeleka askari wake kusaidia. Nyingi zaidi zilinyamaza au zikanasihi pande zote mbili kwa sauti moja.

Kilichomuuma Mwalimu zaidi kilikuwa na historia. Mstari uliovukwa na Amin ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika makubaliano yao ya 1886 na 1890, wakifuata nyuzi moja ya latitudo kusini ya ikweta kana kwamba chini yake hakuna watu. Makubaliano hayohayo ndiyo yaliyoitia Singida mikononi mwa Ujerumani bila mtu yeyote wa Unyaturu, Iramba au Ukimbu kuulizwa. Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani na ambaye jina lake sasa limo kwenye uwanja wa mpira wa Singida mjini, alikuwa anapingana na uamuzi uliofanywa Ulaya. Afrika huru ingeweza kuikataa mipaka hiyo. Ikaamua kuishika, kwa kuogopa vita visivyokwisha. Azimio hilo lilipitishwa Cairo, Julai 1964, na aliyelipeleka mbele ya mkutano alikuwa Nyerere mwenyewe. Miaka 14 baadaye mpaka wake ulivunjwa mchana kweupe, na chama kilichopitisha azimio kikamwomba aliyevunjiwa awe mpole.

Lakini mashaka ya Mwalimu juu ya wasuluhishi hayakuanzia Kagera, na mtu akiyaanzia hapo ataona ukaidi mahali palipokuwa na somo la miaka mingi.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Serikali changa ikalazimika kuwaita makomando wa Uingereza kuwanyang'anya silaha, na Januari 25 kazi ikaisha. Kwa Mwalimu hiyo ilikuwa fedheha, naye hakuificha: aliitisha mkutano wa dharura wa OAU Dar es Salaam mwezi uliofuata, akaomba askari wa Kiafrika wachukue nafasi ya Waingereza, na Nigeria ikawaleta. Weka jina la Nigeria akilini, kwa maana litarudi.

Mwaka huohuo ukaja Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na pamoja nao tatizo la Wajerumani. Ujerumani Mashariki ilikuwa imefungua ubalozi Zanzibar baada ya Mapinduzi. Ujerumani Magharibi ilikuwa na sera ya kuvunja uhusiano na nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani ya pili. Nyerere akatafuta njia ya katikati: Ujerumani Mashariki ipunguziwe hadhi, ibaki na ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi kama dola. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika. Februari 1965 ikaondoa ghafla wataalamu wake wa kijeshi waliokuwa wakifundisha kikosi cha anga na cha majini. Ilikuwa onyo, tena la kipimo: tumekata kidogo, tukaze au tulegeze ni shauri lenu. Mwalimu akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Kanada ikaja kufundisha marubani.

Novemba 11, 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith wakajitangazia uhuru. OAU iliazimia kwamba Uingereza isipowaangusha kufikia Desemba 15, wanachama wote watavunja uhusiano nayo. Siku ikafika, Uingereza haikufanya kitu. Kati ya nchi 36 za Umoja, zilizotimiza ahadi hazikupita kumi, Tanzania ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Gharama yake ilikuwa mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao Uingereza ilikuwa imeukubali, na uhusiano haukurudi mpaka Julai 1968. Hapo Tanzania ilifundishwa mambo mawili kwa mpigo. Rafiki mwenye nguvu hupima haki kwa uzito wa ndugu zake. Na azimio la Afrika lililopigiwa makofi linaweza kutekelezwa na wachache tu, nao ndio watakaolipa.

Kisha Amin. Alipompindua Rais Milton Obote Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Uingereza ilimtambua mtawala mpya ndani ya wiki mbili. Nyerere alikataa kabisa, akampa Obote hifadhi. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda wakitokea Tanzania, wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikaipiga Bukoba na Mwanza kwa mabomu. Hapa lazima tuwe wakweli: safari ile tulikuwa na mkono. Siad Barre wa Somalia akasuluhisha, na Oktoba 5 mkataba wa Mogadishu ukatiwa saini. Majeshi yarudi kilometa kumi kutoka mpakani, na kila upande uache kuwasaidia wapinzani wa mwenzake. Tanzania ilikubali usuluhishi, basi, pale ulipokuwa na masharti yanayozibana pande zote na kosa la pande zote. Aliyesema Mwalimu hakupenda mazungumzo hajausoma mwaka 1972.

Ila mkataba ule ulimpa Amin miaka sita ya kupumua. Mwaka 1975 OAU ilifanya mkutano wake wa wakuu wa nchi Kampala na kumfanya Amin mwenyekiti, wakati watu wakitoweka mchana katika mji huohuo. Tanzania, Zambia na Botswana zikasusia. Silaha zilizidi kumfikia. Wasovieti walimpa ndege za MiG na vifaru, huku wakiiuzia Tanzania vilevile, hata mizinga ya BM-21 ambayo baadaye Waganda waliiita saba saba. Kahawa yake ilinunuliwa Marekani mpaka bunge la huko lilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1978. Ndege za mizigo zilitoka uwanja wa Stansted, karibu na London, zikimletea askari wake pombe kali na vitu vya anasa. Mafuta yake yalipita Mombasa. Kwa hiyo Novemba 1978, ulimwengu ulipomwambia Mwalimu atulie, wengi wa waliomwambia hivyo walikuwa na hesabu dukani kwa Amin.

Kila msuluhishi alikuwa na yake, na ingekuwa dhuluma kuwachanganya wote. Kanali Gaddafi wa Libya alimtazama Amin kama ndugu wa imani na mlango wa kuingilia Afrika ya kati. Nimeiry alikuwa na mpaka mrefu na Uganda, na kusini mwa nchi yake palikuwa pamepoa karibuni tu. Obasanjo aliogopa mfano: leo Tanzania ikimwangusha Amin kwa sababu njema, kesho nani atamwangusha nani kwa sababu gani? Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, nami nitairudia. Kosa la wasuluhishi hawa halikuwa kuwa na maslahi. Kosa lilikuwa kuyavisha joho la kutopendelea, wakaiita hali ya kumsawazisha mvamizi na mvamiwa kuwa ndiyo hekima.

Katikati ya Novemba Amin alitangaza kuondoa askari wake, akitaka ahadi kwamba Tanzania haitamfuata. Wajumbe wakaona mlango umefunguka. Dar es Salaam ikaona nyumba zilizochomwa, na mtu aliyetangaza wiki mbili kabla kwamba ardhi ile ni yake, akitaka sasa apewe dhamana kwa kuirudisha. Jeshi letu lilivuka mto na kulichukua eneo. Januari 1979 likaingia Mutukula, na mwisho wa Februari likashika Masaka na Mbarara. Kamati ya usuluhishi ya OAU ilikutana Nairobi wakati huohuo, na masharti ya Tanzania yalikuwa yaleyale ya Novemba: laani uvamizi, Amin aache madai ya ardhi yetu, alipe fidia, aahidi kutorudia. Masharti hayo angeweza kuyaandika mzee yeyote wa baraza la kijiji. Kamati ikatawanyika mikono mitupu.

Mwisho wa Machi likaja neno la Tripoli. Gaddafi, ambaye askari wake walikuwa tayari wamepigana upande wa Amin huko Lukaya, Uganda, alimpa Nyerere saa 24 awe ameondoka Uganda. Hapo msuluhishi alivua joho. Mwalimu aliitangazia nchi tishio hilo redioni badala ya kulificha kwenye majadiliano ya wakubwa, na naona huo ulikuwa uamuzi bora kuliko mengi ya vita ile: mtu wa Iramba aliyetoa ng'ombe alikuwa na haki ya kujua nani anamtishia. Ndege ya Libya aina ya Tupolev ilikuja kuipiga Mwanza, ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa hifadhi. Aprili 11 Kampala ilikuwa imeanguka.

Julai 1979 wakuu wa OAU walikutana Monrovia. Nimeiry na Obasanjo waliishutumu Tanzania kwa kuingia nchi ya mwenzake. Nigeria, ile iliyotuletea askari mwaka 1964, ndiyo ilikuwa kali zaidi. Tanzania iligawa kijitabu chenye maelezo ya vita tangu mwanzo, na Godfrey Binaisa, rais mpya wa Uganda, akawakumbusha wajumbe kwamba walinyamaza Waganda walipokuwa wakiuawa na Amin. Azimio la kulaani uvamizi wa Kagera halikupitishwa.

Sasa nirudi kwenye hofu ya Obasanjo, kwa sababu kitabu cha Mtanzania kikiikwepa hakitastahili kusomwa. Vita ilipokwisha, mkubwa mezani alikuwa sisi. Kabla Kampala haijaanguka, Machi 24 hadi 26, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutanishwa Moshi, wakaunda serikali chini ya Profesa Yusuf Lule. Alidumu madarakani siku zisizotimia 70. Alipoondolewa Juni 20 watu waliandamana Kampala wakimtaka arudi, na wengi wao walisema Dar es Salaam ndiyo iliyompanga na kumpangua. Lule mwenyewe akajikuta Dar es Salaam, haruhusiwi kwenda anakotaka. Binaisa naye aling'olewa Mei 1980 na tume ya kijeshi, askari wetu wakiwa nchini na bila kuzuia. Desemba Obote akarudi madarakani kwa uchaguzi uliopingwa vikali, na kutoka humo ikazaliwa vita ya msituni ya Yoweri Museveni.

Mganda wa mwaka 1980 alituuliza yaleyale tuliyowauliza Waingereza mwaka 1965: mnasuluhisha kwa faida ya nani? Majibu yetu hayakuwa mazuri. Mwalimu alikuwa sahihi kuwakatalia wasuluhishi wa Novemba, na naamini hivyo pasipo shaka. Alikosea kudhani kwamba urafiki wake na Obote hautaonekana na Waganda kama sisi tulivyouona urafiki wa London na walowezi. Nchi ndogo ikipata jirani dhaifu kuliko yenyewe, inakuwa dola kubwa palepale, na inapaswa kushukiwa kama zile nyingine.

Gharama zilibaki nyumbani. Makadirio ya kawaida ni dola milioni 500, na waliotaka tuzungumze hawakuonekana wakati wa kulipa. Askari 373 hawakurudi. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na wazee wa Singida bado huhesabu kwamba miezi ile haijaisha. Maduka ya RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, yalibaki na rafu tupu. Watu walipanga foleni ya sabuni, sukari na mafuta ya taa, na mkulima aliyechangia gunia la mtama akakosa nguo ya kumvalisha mtoto. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani mwaka 1979. Serikali ilipokwenda Shirika la Fedha la Kimataifa, iliambiwa ishushe thamani ya shilingi na kupunguza matumizi, vita ikihesabiwa kama matumizi mengine yoyote. Mwalimu alikataa, na Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyeona hapakuwa na njia nyingine, akajiuzulu mwishoni mwa 1979. Kuhusu fedha, Mtei aliona mbali kuliko rais wake. Kuhusu jeuri ya wakopeshaji, rais hakuwa amekosea.

Huku Manyoni na Itigi hakuna kibao kinachosema kwamba njia ya kwenda Kagera ilipita hapa. Mkoa unaweza kukiweka kwa gharama ndogo, na waliopanda mabehewa yale wakiwa mgambo wa miaka 20 leo wanaelekea 70. Viongozi wa mkoa na shule za sekondari zilizo kando ya reli wawafuate wazee hao na kuandika wanayoyakumbuka, yakiwemo yale waliyosikia redioni juu ya Gaddafi na OAU, kabla hawajaondoka.

OAU yenyewe ilikoma mwaka 2002 na kuwa Umoja wa Afrika. Sheria ya kuunda umoja huo mpya ilipitishwa Lomé, Julai 11, 2000, na kifungu chake cha 4(h) kinaupa haki ya kuingilia kati ndani ya nchi mwanachama penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Mwalimu alikuwa amefariki Oktoba 14, 1999, miezi tisa kabla ya sheria hiyo kupitishwa.